Saa ya Marehemu Babu: Tuiulize Kabla ya Kuiuza

Katika nyumba nyingi za kwetu kuna sanduku lililowekwa chini ya kitanda, na ndani yake mna vitu vya marehemu: kitabu cha kazi, cheti cha ubatizo, picha ya arusi iliyoharibiwa na unyevu, na mara nyingine saa ya mkono isiyotembea tena. Sanduku hilo hufunguliwa siku ya kugawa urithi. Ndipo maneno yanapoanza. Mmoja asema saa ni ya dhahabu, mwingine asema ni ya vita, wa tatu ataka iuzwe upesi. Je, nani ajua kweli yake?

Mwaka jana, matanga ya jirani yangu mmoja hapa Bukavu yalipokwisha, watoto wake watatu walinijia jioni na saa ya namna hiyo, imefungwa katika leso.

"Mwalimu," akasema mkubwa wao, "saa hii tumeachiwa na baba, naye aliachiwa na baba yake. Babu alipewa na ofisa Mbelgiji siku ile mji wa Tabora ulipotekwa. Yuko mtu anayekusanya vitu vya kale. Atatoa bei nzuri, lakini ataka kwanza karatasi ya Kifaransa ya kushuhudia habari hiyo, yenye sahihi ya mtu anayejulikana. Twakuomba utuandikie."

Dada yake aliinamisha kichwa, asiseme neno. Nilitambua kwamba yeye hakupenda saa iuzwe.

Vita waliyoitaja si hadithi. Mwaka 1916 askari wa Force Publique, wakiongozwa na Jenerali Tombeur, walivuka mpaka kutoka Kongo, wakapita Rwanda na Burundi, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora, mji uliokuwa chini ya Wajerumani. Lakini je, saa ile katika leso ilikuwako siku hiyo? Niliwajibu watoto wale kwamba siwezi kutia sahihi juu ya jambo nisilolijua. "Tuiulize kwanza saa yenyewe," nikasema. Nao wakakubali, ingawa yule mkubwa kwa shingo upande.

Kwa kuwa nyumba nyingine zaweza kuwa na shida kama hiyo, napenda kuwaeleza jinsi tulivyoiuliza.

SAA YA MKONO ILIANZA LINI?

Kabla ya karne ya 20, wanaume wa Ulaya walichukua saa mfukoni, imefungwa kwa mnyororo. Saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Mwaka 1904 Louis Cartier wa Paris alimtengenezea rafiki yake Alberto Santos-Dumont, Mbrazili mrusha ndege, saa ya kuvaa mkononi, ili asipate taabu ya kupapasa mfuko huku mikono yake ikishika vyombo vya kuongozea.

Hata hivyo, vita ya 1914 hadi 1918 ndiyo iliyowazoeza wanaume kuvaa saa mkononi. Katika mahandaki, mizinga ilipigwa na askari waliondoka kwa dakika iliyopangwa. Ofisa aliyeshika bastola na ramani hakuwa na mkono wa tatu wa kutoa saa mfukoni.

Saa za miaka ile zina sura yake. Nyingi zilikuwa kama saa ndogo ya mfukoni iliyolehemiwa masikio mawili ya waya, moja juu na moja chini, na mkanda wa ngozi ulipitishwa humo. Uso mara nyingi ulikuwa mweupe, mgumu na wa kung'aa kama sahani ya kauri. Kasha lilikuwa la fedha, la nikeli, au la dhahabu kwa mwenye uwezo. Saa nyingine zilifunikwa kioo kwa kichuma chenye matundu, kisivunjike.

Saa ya jirani yangu haikuwa na sura hiyo. Masikio yake hayakuwa ya waya, bali yalikuwa sehemu ya kasha lenyewe, na mkanda ulishikwa na vijiti vidogo vyenye kamani ndani. Nyuma yake yaliandikwa maneno haya: "Fond acier inoxydable". Maana yake: mgongo ni wa chuma cha pua kisichoshika kutu. Sasa, chuma cha namna hii kilienea katika makasha ya saa katika miaka ya 1930. Hapo shaka ya kwanza iliingia. Nilimtazama mkubwa wao. Akanijibu, "Labda mgongo ulibadilishwa." Neno hilo lilikuwa la akili. Vipande vya saa hubadilishwa kweli, basi tusihukumu kwa alama moja.

MANENO YA USONI NA YA MGONGONI

Vijana mnaosoma Kifaransa shuleni, hapa elimu yenu yaweza kuwasaidia wazazi. Sehemu kubwa ya saa za kale zilizofika kwetu zilitoka Uswisi, katika bonde na vilima vya Jura ambako watu husema Kifaransa, na maneno yaliyoandikwa juu yake husomeka.

"Ancre" ni nanga. Si nanga ya merikebu, bali kipande kidogo ndani ya saa chenye umbo la nanga, kinachoachia gurudumu jino moja moja. Hicho ndicho kinacholeta sauti ya tik-tik. "Cylindre" ni ufundi wa zamani zaidi na wa bei nafuu, ambao uliachwa polepole. "15 rubis" maana yake ndani ya saa mna yakuti 15, na mihimili ya magurudumu yazungukia ndani ya nyingi zake, kwa sababu jiwe gumu haliliki upesi kama shaba. Wengi hudhani kwamba yakuti hizo ni mali. Sivyo. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza yakuti kwa moto, na tangu hapo vijiwe vya saa vilikuwa vya bei ndogo.

"Antimagnétique" ni saa isiyosumbuliwa upesi na sumaku. "Étanche" ni isiyoingiza maji. "Automatique" ni saa ijitiayo ufunguo kwa kutikisika kwa mkono. Mwingereza John Harwood alipata hati ya uvumbuzi wa saa ya mkono ya namna hiyo huko Uswisi mwaka 1924. "Plaqué or 20 microns" maana yake dhahabu ni ngozi nyembamba tu juu ya madini mengine. Mikroni 20 ni sehemu 20 katika 1,000 za milimita moja! Usiuze saa hiyo kama dhahabu tupu, wala usiinunue hivyo.

Tena, tazama vema chini ya namba 6. Ukiona herufi T mbili, moja kila upande wa neno "Swiss", ujue uso huo ni wa miaka ya 1960 au baadaye, wakati rangi yenye tritiamu ilipotumiwa ili mishale iwake gizani.

Na jina la usoni? Hilo nalo lisikudanganye. Mara nyingine ni jina la kiwanda, mara nyingine la mwenye duka aliyeagiza saa 100 zenye jina lake. Uso waweza kupakwa upya na kuandikwa jina kubwa ili kumvuta mnunuzi. Juu ya saa ile yetu zilibaki herufi tatu tu, nyingine zimefutika kwa jasho na miaka.

Namba zina faida kubwa zaidi. Yafaa kutofautisha namba ya kasha na namba ya mtambo wa ndani. Viwanda vingine vimetunza madaftari yake. Longines ya mji wa Saint-Imier, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1832, bado ina madaftari ya zamani yaliyoandikwa kwa mkono, nayo huweza kumjibu mwenye saa anayepeleka namba yake. Ukiona msalaba wa Uswisi pamoja na neno "Brevet" na namba, hiyo ni namba ya hati ya uvumbuzi. Tarehe ya hati yaweza kutafutwa, na saa haiwezi kuwa ya kale kuliko hati yake.

WANYAMA WADOGO WA DHAHABU NA FEDHA

Dhahabu haijulikani kwa rangi. Hujulikana kwa alama iliyogongwa ndani ya mfuniko, nayo ni ndogo kuliko punje ya mtama, hata lazima utumie kioo cha kukuzia. Kwa sheria ya Uswisi ya mwaka 1880, dhahabu ya karati 18 iligongwa kichwa cha mwanamke, Helvetia, ambaye ni mfano wa nchi hiyo, na ya karati 14 iligongwa kindi. Fedha iliyo safi kwa sehemu 875 katika 1,000 ilipewa dubu aliyesimama, na ya sehemu 800 ndege wa porini afananaye na jogoo. Mwaka 1934 alama zilibadilishwa, hivyo wanyama hao wa kwanza hutuonyesha pia umri wa kasha.

Wafaransa nao waligonga kichwa cha tai juu ya dhahabu yao ya karati 18, na tangu 1893 bundi juu ya dhahabu nyingine iliyoingizwa kutoka nchi za nje. Basi ukimwona bundi ndani ya saa ya baba yako, usiogope. Hakuleta kifo, alilipiwa ushuru tu.

Saa ya jirani yangu haikuwa na kindi, wala dubu, wala bundi. Kasha lake lilikuwa la madini ya kawaida.

MOYO WA SAA

Twaweza kubadilisha mkanda, kioo, uso na mgongo. Kubadilisha mtambo mzima ni jambo la nadra zaidi kwa saa isiyo ya thamani kubwa. Kwa hiyo ushahidi bora umo ndani. Lakini nawasihi, msifungue saa kwa kisu cha jikoni! Mtachubua kasha, mtaingiza vumbi, na huenda mkakata waya mwembamba kama unywele wa mtoto.

Tulimpelekea fundi saa mmoja mzee pale sokoni. Alivaa kioo chake jichoni, akafungua mgongo kwa upole, akanyamaza kitambo. Kisha akatuonyesha mambo matatu.

La kwanza, karibu na lile gurudumu lichezalo huku na huku, palikuwa na ngao ndogo yenye herufi AS. Hiyo ni alama ya A. Schild, kiwanda cha mji wa Grenchen kilichoanzishwa mwaka 1896. Kiwanda hiki kilitengeneza mitambo na kuiuzia nyumba nyingi za saa, kila moja ikaweka jina lake usoni. Mwaka 1926 A. Schild, Fontainemelon na wengine waliungana katika shirika liitwalo Ébauches SA. Hivyo hata jina la usoni likifutika, mtambo husema ulikozaliwa.

La pili ndilo lililokata shauri. Juu ya mhimili wa gurudumu lile palikuwa na kamani ndogo sana, yenye umbo la kinubi, ikishika kijiwe chekundu. "Hii ni Incabloc," akasema fundi. "Saa ikianguka, kijiwe hiki husogea kidogo kisha hurudi mahali pake, na mhimili hauvunjiki." Chombo hicho kilitokea huko La Chaux-de-Fonds katika miaka ya 1933 na 1934. Wenye saa mwaka 1916 hawakuwa nacho. Wahenga wamesema: Njia ya mwongo ni fupi. Hapa sikumwona mwongo ye yote, ila habari iliyopotea njia. Hata hivyo mwisho wake ulikuwa pale juu ya meza ya fundi.

La tatu, ndani ya mfuniko palikuwa na mikwaruzo myembamba: herufi mbili, kisha "4.52". Mafundi wengi huandika hivyo kila wanaposafisha saa, ili waitambue ikirudi. Basi mwezi wa nne mwaka 1952 saa hii ilikuwa mikononi mwa fundi fulani. Ilikuwa inavaliwa na mtu aliyeipenda kiasi cha kulipa gharama ya kuisafisha.

RANGI ILIYOWAKA GIZANI

Fundi alitoa onyo moja, nami nalirudia hapa kwa sababu ya watoto. Juu ya namba za saa ile palikuwa na rangi nene ya kahawia. Zamani saa nyingi zilipakwa rangi yenye radi, ile madini iliyovumbuliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898, ili zisomeke usiku. Kazi hiyo iliua watu. Katika jimbo la New Jersey, Marekani, wasichana waliopaka saa walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo. Wengi walioza mifupa ya taya, na wengine walikufa. Kesi yao ya mwaka 1928 ilijulikana duniani kote.

Habari hii yatuhusu sisi Wakongo pia. Mwaka 1915 mawe yenye urani yalionekana Shinkolobwe katika Katanga. Tangu 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilitoa radi katika mawe hayo, na kwa miaka kama kumi Ubelgiji ndiyo iliyotawala soko la radi ulimwenguni, mpaka Kanada ilipoingia. Hakuna awezaye kutazama saa moja na kusema chembe zake zilitoka shimo gani. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mwanga uliosifiwa katika maduka ya Ulaya, sehemu yake kubwa wakati ule ilichimbwa katika ardhi yetu.

Rangi hiyo haiwaki tena, kwa kuwa unga uliotoa mwanga umechoka. Radi yenyewe haijachoka. Yahitaji miaka 1,600 ipungue nusu. Kwa hiyo saa ya namna hiyo isifunguliwe nyumbani, rangi yake isikwanguliwe, asipewe mtoto kuichezea, wala isilazwe karibu na kichwa chako kila usiku. Kama kioo kimevunjika, itie ndani ya mfuko uliofungwa, kisha unawe mikono.

SHANGAZI ASEMA

Tulirudi kimya. Yule mkubwa alikuwa na uchungu, nami sikumlaumu: alikuwa na deni la hospitali ya baba yake, na bei aliyoahidiwa ingelilipa. Dada yake ndiye aliyesema, "Twende kwa shangazi." Kumbe shangazi yao alikuwa hai, mwenye miaka zaidi ya 80, naye hakuna aliyemwuliza.

Mama huyo aliishika saa, akaisogeza karibu na macho yake. "Hii iliwaka usiku kama kimulimuli," akasema. "Tulipokuwa wadogo, baba alituonyesha chini ya blanketi."

"Je, aliipewa Tabora?" akauliza mkubwa.

Shangazi alicheka. "Tabora baba alikwenda kweli. Lakini hakwenda kama askari, alikwenda kama mpagazi. Alichukua sanduku la risasi kichwani, akarudi na kovu begani, basi. Nani angempa mpagazi saa? Hii aliinunua mwenyewe, alipokuwa karani wa ghala la kahawa. Aliweka franka kidogo kidogo. Alisema, mtu aliyehesabiwa saa zake na wengine, siku moja na azihesabu mwenyewe."

Hakuna aliyejibu upesi. Katika vita ile wapagazi walikuwa wengi mno, na majina yao machache tu yaliandikwa. Watoto wale walikuwa wamekuja na ofisa Mbelgiji wasiyemjua jina. Sasa walikuwa wamempata babu yao.

Mkusanyaji wa vitu vya kale alipoambiwa kweli, alipunguza bei hata ikawa kama ya kuku watatu. Saa za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi sana, wala sokoni si mali kubwa. Mkubwa alikaa siku mbili akifikiri, kisha alinijia peke yake. "Mwalimu," akasema, "ile karatasi uliyokataa kuiandika, sasa iandike, lakini kama shangazi alivyosema. Deni tutalilipa kidogo kidogo, kama babu."

Niliandika hivi: saa ya Uswisi, mtambo wa A. Schild, si ya kabla ya 1933. Ilinunuliwa kwa mshahara wake na karani aliyekuwa mpagazi katika safari ya Tabora mwaka 1916. Ilisafishwa Aprili 1952. Nikaongeza jina la shangazi aliyetoa ushuhuda, na tarehe. Wote watatu walitia sahihi, na shangazi akaweka alama ya kidole. Karatasi ikakunjwa, ikawekwa pamoja na saa sandukuni, ndani ya kikopo cha bati, mbali na watoto.

Ndugu msomaji, kama una saa ya marehemu, ifanyie hivyo. Tazama masikio na mgongo wake. Andika kila neno na kila namba, hata usizozielewa. Tafuta alama za madini kwa kioo cha kukuzia. Mwachie fundi kazi ya kuifungua, na umwombe akuonyeshe moyo wake kabla hajausafisha. Usipake uso upya, wala usitupe vipande vya zamani. Kisha nenda kwa mzee aliyebaki, ukamwulize mapema, kwa kuwa mtambo wa chuma waweza kungoja miaka 100 mingine, lakini shangazi hawezi. Mali bila daftari, huisha bila habari.